Mchanga wa Mambrui na Nuru Isiyohitaji Vioo

Mtu atokaye Malindi akavuka daraja la Sabaki kuelekea kaskazini, kisha akakata upande wa bahari mpaka akaufikia ufuo wa Mambrui, ataona pale maji yanapokupwa mistari myeusi imejichora juu ya mchanga, na akiuchota mchanga ule kwa kiganja atahisi uzito usiokuwa wa mchanga wa kawaida. Mistari hiyo si uchafu wala si masizi ya vyombo vya baharini. Ni madini mazito yaliyotoka katika miamba ya kale ya bara, yakamomonyolewa na mvua zama kwa zama, yakachukuliwa na mito hata pwani, na huku mawimbi na pepo za kusi na kaskazi zikayachambua kwa kupeperusha chepesi na kubakisha kizito. Wataalamu wa miamba wameyaita ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na hayo mawili ya kwanza yana titaniamu ndani yake. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Tiomin kutoka Kanada iliupima mchanga wa namna hii katika pwani yetu na kuzitaja hazina nne, yaani Kwale, Vipingo, Sokoke na Mambrui, na katika hizo nne, tatu zimo katika ardhi ya Kilifi. Ya Kwale ndiyo iliyochimbwa na kampuni ya Base Titanium, kuanzia mwaka wa 2013 hata Desemba 2024, madini yakasafirishwa ng'ambo shehena baada ya shehena. Na hata mchanga huo wa Kwale, wanajiolojia huuhesabu katika tabaka walilolipa jina la Magarini, jina la huku kwetu kaskazini ya Malindi.

Aghalabu tukiuzungumza mchanga huu huzungumza habari za fidia, za mashamba, za mikoko na za mrabaha, na mazungumzo hayo ni ya haki, wala sina nia ya kuyapunguzia uzito wake. Lakini yako mazungumzo mengine ambayo sijayasikia barazani wala katika mikutano ya hadhara, nayo yahusu kile ambacho madini haya yamewafundisha wataalamu wa nuru katika miaka thelathini iliyopita. Sehemu kubwa ya titaniamu ichimbwayo duniani haigeuzwi metali ya ndege kama watu wengi wadhanivyo. Hugeuzwa unga mweupe, oksidi ya titaniamu, utiao weupe katika rangi za kuta, karatasi, plastiki na dawa ya meno. Unga huo huo, usio na fahari yoyote ukiutazama katika debe la fundi wa rangi, mwaka wa 1994 ulitiwa katika chupa ya maabara ya Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence katika Marekani, na kilichotoka humo kimeufungua upya mjadala juu ya maana ya leza.

Ili jambo hili lieleweke sharti kwanza tuulize kwa nini unga huo ni mweupe. Si kwa sababu punje zake zina rangi nyeupe, kwani fuwele kubwa na safi ya rutaili hupitisha nuru karibu kama kioo. Weupe wake watokana na udogo wa punje na wingi wake: mwali ukiingia katikati ya punje hizo hupindwa na ya kwanza, ukarushwa na ya pili, ukageuzwa na ya tatu, hata ukatoka pande zote pasipo rangi moja kupewa daraja juu ya nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo tui la nazi ni jeupe ingawa mafuta yake na maji yake, kila kimoja peke yake, hupitisha nuru. Na kwa sababu hiyo povu la mawimbi ni jeupe, na chokaa ya kuta za mji wa kale wa Gede ilikuwa nyeupe ilipokuwa mpya. Titaniamu imewashinda wengine wote katika kazi hii kwa kuwa oksidi yake huipinda nuru kwa nguvu nyingi kupita kioo cha kawaida, na hiyo ndiyo siri ya bei yake.

Sasa, leza ya kawaida haipendi kabisa mtawanyiko wa namna hiyo. Msingi wake uliwekwa na Albert Einstein mwaka wa 1917, alipoonyesha kwamba chembe ya nuru ikiipitia atomu iliyokwisha kujazwa nishati yaweza kuilazimisha atomu hiyo itoe chembe nyingine iliyo pacha wake, yenye rangi ile ile na mwendo ule ule. Ilipita zaidi ya miaka arobaini kabla ya Theodore Maiman, tarehe 16 Mei 1960, kuiwasha leza ya kwanza kwa fimbo ya yakuti nyekundu huko Malibu, California. Na mwaka wa 1962 Robert Hall na wenzake wakaiwasha nyingine kwa umeme mtupu, ndani ya kipande kidogo cha galiamu na aseniki, ambacho ndicho babu wa leza zilizomo katika mashine za kusoma bei dukani na katika nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari yetu. Zote hizo zimejengwa juu ya nguzo tatu: mada iwezayo kuzidisha nuru, kichocheo cha kuijaza nishati, na vioo viwili vilivyoelekeana sawasawa, vinavyoirudisha nuru huku na huko ndani ya mada hiyo mpaka iwe na nguvu ya kutoka. Vioo vikienda upande kidogo tu, au mada ikiwa na ukungu, leza hufa.

Huko Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanafizikia kijana, Vladilen Letokhov, aliyefanya kazi pamoja na Nikolay Basov, mmoja wa watatu waliotunukiwa Nobeli ya mwaka wa 1964 kwa kazi ya leza, alijiuliza swali lililokwenda kinyume na dasturi hiyo. Je, vioo vikiondolewa kabisa, na mahali pake pakawekwa punje nyingi zisizo na mpango wowote, hazitaweza kuizuia nuru ndani ya mada muda wa kutosha ili izidi? Mfano wake ni mgeni aliyepotea katika vichochoro vya mji wa kale, ambaye kila pembe apitayo hutoka mtu mmoja wa kumfuata, hata kadiri anavyozidi kupotea ndivyo msafara wake unavyozidi kuwa mkubwa, na siku anapotokea uwanjani hatokei peke yake. Letokhov alionyesha kwa hesabu kwamba nuru izalishwayo ndani ya mada ya namna hiyo huongezeka kwa kadiri ya ujazo wake, ilhali nuru ipoteayo hutokea kwa kadiri ya uso wake tu. Basi ukiikuza mada kupita kipimo fulani, pato hulishinda hasara, na leza huwaka bila ya kioo hata kimoja. Leza hiyo ndiyo niitayo hapa leza ya nasibu, kwa kuwa njia ya nuru ndani yake haikuchorwa na fundi yeyote.

Hesabu ya Letokhov ilikaa miaka mingi bila kushughulikiwa na wengi. Lakini mwenyewe hakuiacha, na baadaye yeye na Sveneric Johansson wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha dalili za leza ya asili katika mawingu ya hewa yaizungukayo nyota ya Eta Carinae, ambayo nasi wa Malindi tunaweza kuiona kusini mwa anga letu jioni za Aprili, wakati mbingu ni safi. Kilichoizindua dunia ni ile chupa ya Providence. Nabil Lawandy na wenzake walichanganya rangi ya rodamini katika kimiminika cha methanoli, wakatia punje za oksidi ya titaniamu, kisha wakaupiga mchanganyiko ule kwa miali ya leza nyingine. Nishati ilipofikia kizingiti fulani, mwanga uliokuwa umetapakaa katika rangi nyingi ukajikusanya ghafla katika utepe mwembamba, na jambo hilo halikutokea unga ulipokosekana. Ubishi ukawa mkubwa: kuna waliosema kwamba hiyo ni leza ya hakika, na kuna waliosema kwamba ni nuru iliyozidishwa tu pasipo kurudi nyuma. Kwa maoni yangu ubishi huo ulikuwa neema, kwa sababu uliwalazimisha watu kutafuta ushahidi ulio wazi zaidi.

Ushahidi huo ulitoka kwa Hui Cao, aliyekuwa wakati huo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Mwaka wa 1999 yeye na wenzake waliieleza leza iliyowaka ndani ya unga wa oksidi ya zinki, ambamo punje moja ina upana wa kiasi cha nanomita 100, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Hapa unga haukuwa mtawanyaji peke yake. Wenyewe ndio uliozalisha nuru na wenyewe ndio ulioizungusha, na katika mwanga uliotoka zikaonekana ncha kali nyembamba, kila moja ikiwa ni alama ya njia fulani ambayo nuru ilijipatia ndani ya ghasia ile. Zinki si ngeni kwetu. Mariakani, ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi, ndiyo itiwayo juu ya mabati yanayoezeka nyumba zetu ili yasishike kutu, na oksidi yake ndiyo iliyomo katika marhamu nyeupe wapakwayo watoto wenye vipele.

Oksidi ya zinki ni semikondakta, yaani mada isiyopitisha umeme kwa ukarimu kama shaba wala kuuzuia kabisa kama kauri, bali hutii shuruti inazowekewa. Ndani yake elektroni ikipandishwa daraja huacha tundu nyuma yake, na wawili hao, elektroni na tundu, hushikana kama mume na mke hadi wanapokutana na kuungana, wakaitoa nishati yao kwa sura ya nuru. Kwa oksidi ya zinki nuru hiyo ina urefu wa wimbi wa karibu nanomita 380, ni urujuanimno isiyoonekana kwa jicho. Fadhila yake kubwa ni kwamba kifungo cha elektroni na tundu kina nguvu ya sehemu 60 katika elfu za elektronivolti moja, ilhali joto la chumba lina uwezo wa kutikisa kwa 26 tu za namna hiyo. Kwa hiyo jozi hizo hubaki zimeshikana hata katika joto la Malindi la mwezi wa Machi, wakati semikondakta nyingine zingehitaji kupozwa kwa baridi kali.

Basi mushkili uko wapi? Uko katika kichocheo. Karibu majaribio yote ya mwanzo yaliichochea leza ya nasibu kwa leza nyingine, mtambo wenye ukubwa wa meza na bei ya nyumba, na ni wazi kwamba unga uenezwao juu ya kioo kwa fedha kidogo haumfai mtu ikiwa hauwezi kuwaka pasipo mtambo huo. Ndiyo maana kwa miaka ishirini sasa juhudi ya wataalamu wengi imeelekea kuuchochea unga huo kwa umeme wa kawaida, ili kifaa kizima kiwe chembamba kama ukucha na kiendeshwe na betri. Na hapo oksidi ya zinki ilionyesha ukaidi wake. Ili elektroni na matundu zikutane ndani ya semikondakta, dasturi ni kuunganisha tabaka mbili, moja yenye elektroni nyingi na moja yenye matundu mengi. Oksidi ya zinki, namna iumbwavyo, huwa na elektroni tele. Lakini ukijaribu kuijaza matundu kwa kuitia vitu vingine, kasoro zilizomo ndani ya fuwele yake huyafuta matundu hayo, na hata ukifanikiwa leo, baada ya muda hurudi hali yake ya kwanza.

Njia zilizotafutwa kulikwepa tatizo hili ni ushahidi wa subira ya watu. Mwaka wa 2006 Leong na Yu, wa Chuo Kikuu cha Nanyang huko Singapore, waliyaazima matundu kutoka katika mada nyingine, kabidi ya silikoni, wakaitandaza juu yake mchanganyiko wa chembe za oksidi ya zinki zilizozamishwa katika oksidi ya silikoni, nao ukatoa leza ya nasibu ya urujuanimno kwa nguvu ya umeme. Mwaka wa 2007 watu wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, mjini Hangzhou, wakaiacha kabisa ile dasturi ya tabaka mbili. Waliweka utando mwembamba wa kuhami kati ya oksidi ya zinki na ncha ya metali, juu ya kipande cha silikoni ya kawaida, hata elektroni zikazuiliwa mpakani na kurundikana pale kwa wingi, na leza ikawaka. Na mwaka wa 2011 kundi la Jianlin Liu, katika Chuo Kikuu cha California mjini Riverside, lilitia antimoni katika nyuzi za oksidi ya zinki zenye unene wa nanomita tu, nyuzi hizo zikakubali kubeba matundu. Ingawa leza yao haikuwa ya nasibu, kwa maana ncha mbili za kila uzi zilifanya kazi ya vioo, ilithibitisha kwamba ukaidi wa oksidi ya zinki si wa milele.

Hata hivyo kazi haijakwisha. Sehemu kubwa ya umeme uingizwao katika vifaa hivi hugeuka joto badala ya nuru. Metali za kupitishia umeme hunywa sehemu ya mwanga kabla haujatoka. Kizingiti cha kuwaka bado kiko juu. Zile ncha kali hurukaruka kutoka rangi moja hadi nyingine kwa mabadiliko madogo tu. Na nuru hutoka pande zote bila kuelekezwa. Nayaandika haya si kwa kuwavunja vijana moyo. Tatizo lililokwisha kumalizwa Singapore na Hangzhou halimwachii nafasi kijana wa Kilifi, lakini tatizo lililo wazi, ambalo utatuzi wake uko katika namna ya kupika unga, kuupanga na kuutandaza, hilo ni mlango ambao haujafungwa mbele ya yeyote.

Faida yake nayo si ya kubuni. Leza ya kawaida, kwa kuwa mawimbi yake yote hutembea kwa nidhamu moja, huacha madoadoa juu ya kila kitu imulikacho, na picha zipigwazo kwayo huharibika. Mwaka wa 2012 Hui Cao, aliyekuwa amekwisha kuhamia Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na Brandon Redding na Michael Choma, walionyesha kwamba leza ya nasibu hutoa picha isiyo na madoadoa hayo, kwa sababu ina mng'ao wa leza lakini haina ile nidhamu iliyopita kiasi. Mwaka wa 2004 Randal Polson na Valy Vardeny, wa Chuo Kikuu cha Utah, waliitumia nyama ya mwili wa binadamu yenyewe kuwa mtawanyaji, wakaona kwamba nyama yenye saratani hutoa mwanga usiofanana na ule wa nyama nzima. Mtu aishiye Kilifi hawezi kuyasoma haya bila kuikumbuka taasisi ya utafiti wa maradhi iliyoanzishwa hapo mwaka wa 1989, kwa ushirikiano wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wafadhili wa Wellcome Trust, ambako hadubini na malaria ni kazi ya kila siku. Taa ndogo ya bei nafuu, yenye nguvu ya leza na ulaini wa mwanga wa jua, ingekuwa na wa kuipokea hapa hapa.

Tena pwani hii imepata kukaribisha elimu kubwa ya anga. Katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, yamesimama majukwaa ya San Marco ya Waitaliano, yaliyorusha satelaiti kwa mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1967. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ambayo ilikuwa ya kwanza kufanywa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni. Urushaji wa mwisho ulikuwa mwaka wa 1988. Wavuvi wa Ngomeni waliziona roketi zikipaa, lakini hesabu zake zilisomwa kwingine. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba jambo hilo halipaswi kukaririwa katika mchanga.

Wala kuanza hakuhitaji mali ya ufalme. Nyuzi za nanomita za oksidi ya zinki huoteshwa katika maji ya moto yasiyofika hata kuchemka, kwenye nyuzi joto kama 90, kwa kuchanganya chumvi ya zinki na dawa ipatikanayo kwa wauza kemikali, kisha kuyaacha maji hayo saa kadhaa. Tanuri, mizani nyeti, chombo cha kupambanua rangi za mwanga na mwalimu mwenye subira vyatosha kumfanya mwanafunzi atambue ni unga upi utawanyao vizuri na upi usiofaa. Na kazi ya kuitenga rutaili ya Mambrui kutoka katika mchanga, kuisafisha, kuisaga na kuipima namna iipindavyo nuru, ingekuwa mada ya shahada si moja. Kilichozidi hapo, yaani mitambo ya utupu na leza za kuchochea, chaweza kutafutwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nairobi, na pia kiwanda cha semikondakta kilichomo ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, ambacho ni ushahidi kwamba kazi ya namna hii haiko mbali na uwezo wa Wakenya.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeugawa mrabaha katika mafungu matatu: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ikaayo palipo na madini. Basi nawaomba wakuu wa Kaunti ya Kilifi na wajumbe wa bunge lake, kabla hawajaketi na mchimbaji yeyote kuujadili mchanga wa Mambrui, Sokoke au Vipingo, waandike katika mapatano kwamba sehemu ya fungu hilo la 20 iwe ya maabara ya nuru na semikondakta katika Chuo Kikuu cha Pwani, hapo Kilifi mjini, pamoja na nafasi za masomo kwa watoto wa Magarini, Ganze na Malindi watakaosoma humo; na nawaomba wazazi wa sehemu hizo, watakapoitwa katika mikutano ya kutoa maoni, waitake maabara hiyo kwa sauti ile ile wanayoitakia fidia ya minazi yao.